Faksi ya pamoja haitoki kwenye kompyuta: anza na waya, Windows iwe ya mwisho

Faksi inayotumwa kutoka kompyuta ya ofisi kupitia laini moja ya pamoja hupita vipande vitatu. Cha kwanza ni kutoka kompyuta ya mtumiaji hadi kwenye seva ya faksi, au hadi kwenye ile mashine kubwa inayochapa, kuskani na kutuma faksi. Cha pili ni kutoka hapo hadi soketi ya simu ukutani. Cha tatu ni laini yenyewe mpaka kwa anayepokea. Ujumbe wa "Failed" kwenye skrini hausemi kipande gani kimekatika. Ndiyo maana watu hukimbilia kufuta draiva na kuiweka upya kwenye kompyuta kumi, kazi ya nusu siku, na kumbe tatizo ni soketi iliyoota kutu nyuma ya kabati. Kwa ofisi za Unguja na Pemba tunapendekeza kwenda kinyume: laini kwanza, kisha modemu (kifaa kinachogeuza data ya kompyuta kuwa milio ya simu), kisha namba, halafu mtandao wa ndani na Windows.

Kipimo cha simu ya mkononi

Kabla ya kugusa chochote, tuma faksi ya ukurasa mmoja kutoka kompyuta yenye matatizo kwenda namba ya simu yako ya mkononi. Kama laini ya ofisi imefungwa isipige simu za mkononi (ofisi nyingi hufunga ili kuzuia gharama), tumia simu nyingine ya mezani iliyo karibu. Ikilia, ipokee na usikilize.

Ukisikia mlio mfupi wa nusu sekunde, kimya cha sekunde tatu, kisha mlio tena, basi kipande cha kwanza na cha pili ni vizima. Huo ni mlio wa 1100 Hz ambao faksi inayopiga hujitambulisha nao. Usipoteze muda na draiva. Tatizo lipo kwenye ubora wa laini au kwa mpokeaji.

Simu ikilia lakini ukasikia kimya kitupu, kifaa kinapiga namba ila hakitumi kama faksi. Mara nyingi ni modemu isiyo ya faksi au isiyowekwa vizuri. Isipolia kabisa, angalia taa au skrini ya mashine wakati wa kutuma. Kama haikujaribu hata kupiga, kazi imekwama ndani ya mtandao. Kama ilipiga ikakata, ni laini au namba.

Kisha fanya kinyume chake. Chukua simu ya mezani, piga namba ya faksi ya mpokeaji. Unatakiwa usikie filimbi ndefu ya sekunde tatu hivi (2100 Hz) ikifuatiwa na mkwaruzo wa modemu. Akipokea mtu, au ukisikia muziki wa kusubiri, hakuna utakachorekebisha upande wako. Mwambie awashe mashine yake ipokee yenyewe, au akupe namba sahihi.

Laini

Hapa ndipo penye kazi kubwa visiwani. Chomoa faksi na uchomeke simu ya kawaida ya waya kwenye soketi ile ile. Inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa kupigia ukatike, kisha sikiliza kwa sekunde kumi. Laini nzuri ni kimya. Mkwaruzo mdogo ambao watu wawili wanaweza kuzungumza juu yake bila kuujali unatosha kuangusha faksi, kwa sababu mashine mbili hupimana kabla ya kutuma: inayotuma hupeleka kipande cha majaribio cha sekunde moja na nusu, na inayopokea ikikiona kibovu huomba kasi ipunguzwe. Kutoka biti 14400 kwa sekunde hushuka hadi 12000, 9600, 7200, 4800, mwisho 2400. Ukiona kwenye ripoti kwamba ukurasa mmoja wa maandishi umechukua dakika tatu badala ya chini ya moja, hapo laini inalalamika hata kama faksi imefika.

Hewa ya chumvi na unyevu hula ncha za shaba, khasa kwenye majengo ya Mji Mkongwe ambayo kuta zake za mawe na chokaa hushika maji. Fungua soketi. Ukikuta ukungu wa kijani kwenye skrubu, kata sentimita mbili au tatu za waya ulioharibika, menya upya, na kama soketi yenyewe imeota kutu ibadilishe, bei yake ni ndogo. Palipo na maungio, tumia vile viunganishi vidogo vya kubana vyenye mafuta mazito ndani. Kusokota waya na kufunga utepe mweusi hudumu mpaka masika tu. Na kama mkwaruzo huja na mvua na kuondoka na jua, hitilafu iko nje, kwenye nguzo au kisanduku cha mtaa. Hiyo ni kazi ya fundi wa kampuni ya simu.

Mwenye mita apime. Simu ikiwa chini, laini ya shaba huonyesha karibu volti 48 za DC. Ukiinua mkono wa simu hushuka hadi kati ya 6 na 12 hivi. Isiposhuka hivyo au ikiwa chini mno tangu mwanzo, kuna waya uliolegea au kitu kingine kinachoivuta laini. Usishike ncha kwa mikono mitupu: simu ikiita wakati huo, volti hupanda hadi karibu 90 za AC na zinauma.

Yafuatayo husahaulika sana:

– Laini yenye intaneti ya ADSL inahitaji kichujio kidogo kati ya soketi na faksi. Bila hicho, mawimbi ya intaneti huingia kama kelele.
– Simu za ziada zilizounganishwa sambamba kwenye laini hiyo hiyo. Mtu wa mapokezi akiinua simu katikati ya ukurasa, faksi imekufa. Faksi iwe ya kwanza kutoka soketi kuu, na simu nyingine ipite nyuma yake kupitia tundu lililoandikwa "EXT" au "PHONE".
– Huduma ya simu ya kusubiri. Mlio wake hukata mawasiliano. Omba kampuni ya simu iiondoe kwenye namba ya faksi.

Kama laini inapita kwenye mtambo wa simu za ndani, uliza kwanza kama tundu hilo ni la analogi au la kidijiti. Modemu ya faksi haifanyi kazi kwenye tundu la kidijiti, na baadhi ya mitambo inaweza hata kuiunguza. Kwenye tundu la analogi la mtambo, jambo la pili ni mlio wa kupigia: mitambo mingi ina mlio usiofanana na wa kampuni ya simu, na modemu hukataa kupiga ikidai hakuna mlio. Kwenye seva, fungua "Phone and Modem", chagua modemu, ingia "Properties", ondoa tiki kwenye "Wait for dial tone before dialing". Baada ya tarakimu ya kutokea nje (9 au 0) weka mkato mmoja, kwa mfano 9,024 na kuendelea. Mkato huo huifanya modemu ingoje sekunde mbili mpaka laini ya nje ipatikane.

Simu ya mezani yenye SIM ndani yake haifai kwa faksi. Ina tundu la nyuma linalofanana na la simu ya kawaida, nalo humshawishi mtu achomeke modemu. Mtandao wa simu za mkononi hubana sauti kwa ajili ya maneno ya binadamu, na milio ya modemu hufika imevurugika. Hakuna mpangilio utakaorekebisha hilo. Kama ofisi haina laini nyingine, ingia huduma ya faksi ya intaneti na uachane na kifaa.

Laini ya simu inayokuja kupitia faiba au kisanduku cha IP (simu ya intaneti) inafaa, kwa masharti. Muulize mtoa huduma kama anawezesha T.38, ambayo hubeba faksi kama faksi na si kama sauti. Akisema hana, basi laini itumie G.711 A-law (namna ya kusafirisha sauti bila kuibana sana); ikibaki G.729, inayoibana mno, faksi hazitapita. Kwenye kisanduku zima kizuia mwangwi kwa laini hiyo. Kwenye mashine ya faksi shusha kasi ya juu hadi 9600 na uzime V.34, ile inayoitwa Super G3. Kuhusu ECM (mpango wa kusahihisha makosa), ushauri hutafautiana na hali. ECM hugawa ukurasa kwenye mafungu ya vipande 256, kila kipande baiti 256, na huomba kirudiwe kilichoharibika. Kwenye laini ya shaba yenye mkwaruzo mdogo hiyo ni neema. Kwenye IP isiyo na T.38 na inayopoteza pakiti, kurudia kunaweza kutokwisha mpaka simu ikatwe. Izime, ukubali mistari miwili mitatu kuruka kwenye ukurasa. Kwa hati za benki zenye tarakimu, sisi tungeiacha imewashwa na kutafuta laini bora.

Modemu na seva

Kwenye seva fungua "Device Manager", nenda "Modems", ingia "Properties", kisha "Diagnostics", bofya "Query Modem". Isipojibu, chomoa USB na uichomeke kwenye tundu la nyuma la kompyuta, si kwenye kigawanyaji cha mezani. Kisha ondoa ruhusa ya Windows kuizima ili kuokoa umeme, kwenye ukurasa wa "Power Management" wa tundu la USB. Modemu inayofanya kazi asubuhi na kupotea mchana, kwa kawaida dawa yake ni hii.

Ikijibu, tafuta mstari wa AT+FCLASS=? kwenye majibu. Ukiona 1 au 2 miongoni mwa namba, ni ya faksi. Ukiona 0 peke yake au ERROR, si ya faksi. Kifimbo cha intaneti cha kampuni ya simu za mkononi huorodheshwa pia chini ya "Modems", na kuna watu hukichagua wakingoja faksi zitoke.

Huduma inayosimamia yote inaitwa Fax, nayo inategemea Print Spooler (huduma ya foleni ya kuchapa) na Telephony (huduma ya simu). Jambo hili lina mtego: mtu akizima Print Spooler ili kufuta foleni ya printa iliyokwama, Windows humwambia kwamba Fax nayo itazimwa, anakubali, anawasha Spooler, anasahau Fax. Kwa hiyo amri, kwenye Command Prompt kama msimamizi, ziwe jozi:

1. net stop spooler (kubali kuzima Fax)
2. Futa mafaili yaliyomo C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, yaliyomo tu, si folda yenyewe.
3. net start spooler
4. net start fax

Kwenye "Fax Service Manager", chini ya "Devices", hakikisha kifaa kimeruhusiwa kutuma na pia kupokea. Kila jaribio lililoshindwa huandikwa kwenye "Event Viewer", kitabu cha "Application", chanzo Microsoft Fax. Soma hapo kabla ya kumuuliza mtumiaji, kwani mtumiaji atasema "imegoma" na hilo tayari unalijua.

Faksi iliyokaa kwenye foleni bila kosa lolote, angalia vitu viwili. Kwanza, huenda mtumaji amechagua saa za bei nafuu, ambazo kwa kawaida ni za usiku. Pili, saa ya seva. Umeme ukikatika na betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikiwa imekwisha, seva huamka ikiwa na tarehe ya zamani, na faksi za "tuma baadaye" hungoja siku isiyofika. Weka eneo la saa la Nairobi, UTC+3, badilisha betri, na seva pamoja na modemu na swichi zote zikae kwenye UPS moja. Modemu ikizima peke yake wakati seva imebaki hai, mara nyingi huduma ya Fax huhitaji kuwashwa upya ndipo iione tena.

Namba

Namba za mezani za Zanzibar huanza na 024, na tarakimu saba baada yake. Kwenye kitabu cha anwani cha Windows ziandikwe +255 (24) na hizo saba, bila sifuri ya mbele. Sifuri Windows huiongeza yenyewe inapohitajika. Ukiandika +255 (024) utapiga namba isiyokuwepo.

Tatizo kubwa ni mahali ambapo Windows inadhani ipo. Seva zilizowekwa kwa mpangilio wa Marekani huachwa hivyo, na faksi za kwenda nje hupigwa kwa 011. Tanzania tunatoka kwa 000. Fungua "Phone and Modem" kwenye seva, ukurasa wa "Dialing Rules", hariri mahali palipopo: nchi Tanzania, msimbo wa eneo 24, na tarakimu ya kutokea nje kama kuna mtambo. Kipimo rahisi: faksi za ndani ya nchi zilizoandikwa bila +255 zinafika, za Dubai hazifiki, basi anza hapa. Na ukitaka kukwepa mambo haya yote, usichague kanuni yoyote kwenye dirisha la kuandika faksi. Namba itapigwa kama ulivyoiandika, kana kwamba unabonyeza simu kwa mkono.

Mtandao wa ndani na Windows

Kama mnatumia mashine ya kazi nyingi na si seva, chanzo cha kwanza ni anwani ya IP. Umeme unakatika, unarudi, ruta inagawa anwani upya, mashine iliyokuwa 192.168.1.50 inakuwa 192.168.1.53, na kompyuta zote zinaendelea kutuma kwenye 50. Chapa ukurasa wa mtandao kutoka kwenye mashine, linganisha na tundu ("port", yaani anwani ambako kazi hutumwa) lililoandikwa kwenye draiva. Kisha ifungie mashine anwani yake kwenye ruta ili isibadilike tena. Tundu liwe "Standard TCP/IP Port", namba 9100. Tundu la WSD ambalo Windows hujichagulia hupotea ovyo. Kama kompyuta inasema mashine haipo hewani ilhali inajibu ping (amri ya kupima kama kifaa kipo mtandaoni), ondoa tiki ya "SNMP Status Enabled" kwenye mpangilio wa tundu.

Kumbuka pia draiva ya faksi na draiva ya kuchapa ni vitu viwili hata kama mashine ni moja. Aliyeweka ya kuchapa tu ataona printa, ataona karatasi zinatoka, na hatapata pa kuandika namba ya faksi. Na mashine zinazodai msimbo wa idara hutupa kazi isiyo na msimbo kimyakimya. Angalia historia ya kazi kwenye skrini yake.

Kwa wanaotumia faksi ya Windows: kompyuta ya kawaida ya Windows 10 au 11 haiwezi kugawa modemu yake ya faksi kwa wengine, hata ukiwa na toleo la Pro. Kugawa kunahitaji Windows Server yenye kazi ya "Fax Server". Kwenye kompyuta za watumiaji, hakikisha Windows Fax and Scan imewekwa (kwenye Windows 11 ipo kwenye "Optional features"), kisha "Tools", "Fax Accounts", "Add", na uandike jina la seva kwa mikwaju miwili ya nyuma (\\) mbele yake. Ikikataa, jaribu kwanza kufungua seva hiyo kwenye File Explorer. Haikufunguka huko, usitarajie faksi. Bila domeni (mfumo wa akaunti za pamoja za ofisi), jina la mtumiaji na nenosiri lazima yawepo pia kwenye seva vile vile. Windows 11 Pro toleo la 24H2 limefunga kuingia kama mgeni, kwa hiyo kompyuta mpya inaweza kukataa pale ambapo ya zamani ilikuwa ikipita. Kwenye seva, "Windows Defender Firewall" iruhusu "File and Printer Sharing", na mtumiaji awe na ruhusa ya Fax kwenye ukurasa wa "Security".

Tangu Agosti 2021, Microsoft imezuia mtumiaji wa kawaida kuvuta draiva ya printa kutoka seva, na faksi ya pamoja ni printa kwa macho ya Windows. Msimamizi aingie mara moja kwenye kila kompyuta aiweke. Kosa 0x0000011b, la kushindwa kuunganisha printa ya pamoja, lilianza Septemba mwaka huo huo, kompyuta na seva zikiwa hazina masasisho yanayolingana. Mtandaoni utaonyeshwa jinsi ya kuzima ulinzi huo kwenye rejista. Afadhali usasishe pande zote mbili.

Faksi yenye PDF iliyoambatishwa ikishindwa na ya maandishi matupu ikapita, tatizo ni programu inayofungua PDF: Windows huiamuru ichape, nayo haijui kupokea amri hiyo. Fungua hati mwenyewe, chagua Print, kisha printa inayoitwa Fax. Picha za rangi na mihuri ya buluu iliyofifia zigeuze kuwa nyeusi na nyeupe kabla ya kutuma; zikiachwa, huwa madoa na ukurasa hutumia dakika nyingi.

Zinazoingia

Faksi ikipokelewa na isionekane kwa mtu, itafute kwenye seva ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Windows NT\MSFax\Inbox. Ikiwepo, kasoro ni ya ugawaji. Kama mmeelekeza faksi zihifadhiwe kwenye folda ya pamoja, akaunti ya Network Service lazima iruhusiwe kuandika humo; ruhusa ya watumiaji haitoshi, kwa kuwa anayeandika ni huduma. Angalia na nafasi ya diski. Kwenye mashine ya kazi nyingi, kumbukumbu ikijaa hukataa kupokea mpaka karatasi au wino urudishwe na kurasa zilizongoja zitoke.

Laini moja hubeba faksi moja kwa wakati. Ofisi ikituma hati ya kurasa ishirini, anayetaka kuwatumia atakuta laini ina shughuli muda wote huo, na atalalamika kwamba faksi yenu mbovu. Hati ndefu ziende mwishoni mwa mchana. Kwa laini ya faksi pekee, modemu ipokee baada ya mlio wa kwanza au wa pili; kwa laini inayotumika pia kwa mazungumzo, weka minne au mitano ili mtu wa mapokezi awahi kuinua.